Kutoka Isiolo hadi Museum Hill: Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na Malezi ya Watafiti wa Historia Asilia

Haja iliyozaa taasisi, 1909–1930

Historia asilia, yaani elimu ya kukusanya, kutaja na kulinganisha wanyama, mimea, wadudu, mawe na mabaki ya viumbe wa kale, ilipata makao Nairobi baada ya kuundwa kwa Chama cha Historia Asilia cha Afrika Mashariki na Uganda mwaka 1909. Wanachama wake, wengi wao walowezi, maafisa wa serikali ya kikoloni na wamishonari waliopenda maumbile, walikuwa wamejaza masanduku ya vipepeo, ndege waliokaushwa na majani yaliyobanwa, na hawakuwa na mahali pa kuyaweka. Mwaka 1910 walianzisha makavazi, ambayo wasomaji wengine huyaita makumbusho, kwenye kiwanja ambapo Nyayo House imesimama leo, na katika mwaka huohuo wakaanza kuchapisha jarida lao. Nafasi ilipokuwa finyu jengo kubwa zaidi lilipatikana mwaka 1922, na hatimaye serikali ikatenga ardhi katika kilima ambacho sasa kinaitwa Museum Hill, ambapo jengo jipya lilifunguliwa tarehe 22 Septemba 1930 kwa jina la Coryndon, kumkumbuka Sir Robert Coryndon, aliyewahi kuwa Gavana wa Kenya.

Mwafrika hakuwa mwanachama wala mtafiti katika mpango huo wa awali. Alikuwa mpagazi, mwongoza njia, mchunaji wa ngozi za ndege na mtaja majina ya miti. Jambo hili linastahili kuandikwa waziwazi katika kitabu cha kumbukumbu, kwa sababu sehemu kubwa ya historia inayofuata ni historia ya namna pengo baina ya mkono uliookota kielelezo na jina lililoandikwa juu ya makala ya kisayansi lilivyopungua, mahali fulani upesi na mahali pengine, hasa kaskazini mwa nchi, kwa mwendo wa kinyonga.

Isiolo ndani ya kabati za Coryndon, 1930–1963

Katika miaka hiyo Isiolo ilikuwa makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo ambalo sheria za kikoloni, ikiwemo ile ya wilaya maalumu ya mwaka 1934, zililifunga kiasi kwamba mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila kibali. Kufungwa huko hakukuzuia vielelezo kusafiri. Ndege, mimea na mawe ya kaskazini yalipita kizuizi cha Isiolo kuelekea Nairobi, na kutoka Nairobi mengine yakaendelea hadi London, ilhali kijana wa Kiborana, Kisakuye, Kiturkana au Kisomali aliyeishi katikati ya viumbe hao alihitaji ruhusa ya mkuu wa wilaya ili avuke njia hiyohiyo.

Mifano miwili inaonyesha jinsi uhusiano huo ulivyokuwa. Wa kwanza ni wa Joy Adamson, aliyeishi Isiolo na mumewe George, afisa wa wanyamapori wa wilaya hiyo. Kabla ya kuwa maarufu duniani kwa kisa cha simba Elsa, Joy alikuwa amechora mimea ya Kenya kwa ajili ya kazi za kibotania, na kuanzia mwaka 1949 serikali ilimwagiza achore watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa katika mavazi yao ya asili. Mamia ya picha hizo yalibaki kuwa mali ya taifa na sehemu yake imehifadhiwa Museum Hill. Joy aliuawa katika mbuga ya Shaba, ndani ya Kaunti ya Isiolo ya leo, tarehe 3 Januari 1980.

Mfano wa pili haujulikani sana, nao ndio unaogusa zaidi utafiti wenyewe. John G. Williams, aliyesimamia idara ya ndege ya Coryndon baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alikusanya katika nyanda kavu za kaskazini kipozamataza mmoja, ndege mdogo wa ardhini mwenye rangi ya udongo, ambaye sayansi ilikuwa bado haijamtambua. Mwaka 1956 ndege huyo alielezwa rasmi na kuitwa Mirafra williamsi, kwa heshima ya Williams. Hapatikani popote duniani isipokuwa Kenya, tena katika sehemu mbili pekee zinazojulikana, moja ikiwa jangwa la Dida Galgalu karibu na Marsabit na nyingine nyanda zilizo kati ya mji wa Isiolo na Garba Tulla, ikiwemo Shaba. Wachungaji wa nyanda hizo walikuwa wakimwamsha ndege huyo kwa miguu ya mifugo yao kila asubuhi kwa vizazi vingi kabla ya 1956. Hakuna dharau kwa kazi ya Williams katika kusema hivyo. Ni kukumbusha tu kwamba ujuzi wa mahali na ujuzi wa makavazi vilikuwa vikiishi mbalimbali, na kwamba taasisi ilihitaji daraja la kuviunganisha.

Dalili za daraja hilo zilianza kuonekana chini ya Louis Leakey, aliyesimamia makavazi kuanzia mwaka 1941 hadi 1961, na ambaye wakati wake milango ilifunguliwa kwa wageni wa rangi zote. Mwaka 1950 Habariamu ya Afrika Mashariki, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi pamoja na maelezo yake, ilihamishwa kutoka Amani, Tanganyika, ilikoanzishwa mwaka 1902, ikaletwa Nairobi. Leo ina karatasi zinazokaribia milioni 1, na hakuna mtafiti wa mimea ya ukanda huu anayeweza kuikwepa.

Uhuru, vita na shule ya visukuku, 1963–1990

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 jina la Coryndon liliondolewa na taasisi ikawa ya taifa. Kwa Isiolo, hata hivyo, uhuru ulikuja pamoja na vita vya Shifta vilivyodumu hadi 1967, na sera ya uchumi ya mwaka 1965, maarufu kama Waraka wa Kikao Nambari 10, ilielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye mvua na rutuba, jambo lililomaanisha kwamba shule, barabara na maabara zilijengwa kwingine. Lami iliishia Isiolo kwa miongo kadhaa. Kijana aliyesoma katika mazingira hayo alikuwa na nafasi ndogo ya kufika chuo kikuu, na bila chuo kikuu mlango wa utafiti wa makavazi haukumfungukia.

Mwaka 1968 Richard Leakey, ambaye pamoja na Wakenya wengine alikuwa akidai kwamba makavazi yaendeshwe kwa ajili ya Wakenya, alikabidhiwa uongozi, na katika mwaka huohuo akaanza uchunguzi wa Koobi Fora, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana. Magari ya safari hizo yaliyokwenda kwa nchi kavu yalipita Isiolo. Huko Koobi Fora ndiko ilikozaliwa shule isiyo na kuta ambayo mwalimu wake mkuu alikuwa Kamoya Kimeu, mtu aliyeishia shule ya msingi lakini akawa na jicho lililoweza kutofautisha kipande cha mfupa uliogeuka jiwe na kokoto elfu zinazofanana nacho. Mnamo Agosti 1984, huko Nariokotome magharibi mwa ziwa, Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu ambacho kilifuatiliwa hadi kikatoa mifupa karibu kamili ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Kimeu alituzwa medali na Shirika la National Geographic, spishi za visukuku zikapewa jina lake, na mwaka 2021, mwaka mmoja kabla ya kufariki, Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani kikamtunuku shahada ya heshima ya udaktari.

Heshima hiyo ilikuwa haki yake, nayo ilichelewa. Kundi la Kimeu lilithibitisha kwamba kipaji cha kuona hakihitaji cheti, lakini lilifichua pia kasoro ya mfumo, kwa kuwa waliookota visukuku hawakuwa wao walioandika tafsiri yake. Kizazi kilichofuata ndicho kilichoanza kufanya yote mawili. Fredrick Kyalo Manthi, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa wasaka visukuku hao, aligundua mwaka 2000 huko Ileret fuvu la Homo erectus, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na akawa mwanapaleontolojia, yaani mtaalamu wa visukuku, katika makavazi hayohayo. Emma Mbua alisimamia hazina ya visukuku vya binadamu wa kale na kujenga jina lake katika fani ambayo wanawake wa Afrika Mashariki hawakuwamo kabla yake. Katika upande wa mimea, Christine Kabuye, aliyeanza kuongoza habariamu mwaka 1971, alionyesha mapema kwamba uongozi wa kisayansi wa taasisi ungeweza kuwa mikononi mwa mwanamke Mwafrika.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anapoingia, 1980 na kuendelea

Malezi ya watafiti yalibadilika sura pale makavazi yalipoacha kungoja wataalamu waliokwisha kuiva na kuanza kuwapokea wanafunzi wa shahada ya kwanza, walio bado katika umri wa kuchagua njia ya maisha. Chombo kikuu cha mabadiliko hayo kilikuwa Shule ya Nyanjani ya Koobi Fora, iliyoendeshwa na makavazi kwa ubia na vyuo vikuu vya Marekani, kwanza Harvard katika miaka ya 1980, baadaye Rutgers na George Washington. Wanafunzi wa Kenya na wa ng'ambo walikaa kambi moja, wakala chungu kimoja na kufanya kazi moja kwa majuma kadhaa.

Kazi hiyo inahitaji kuelezwa, kwa sababu wazazi wengi wa kaskazini hawajaiona na hujiuliza kama ni kazi. Alfajiri, kabla jua halijakali, wanafunzi hujipanga mstari na kutembea polepole macho yakiwa chini. Kila kinachoonekana hakiokotwi papo hapo, kwa sababu kisukuku kilichoondolewa mahali pake bila kuandikwa tabaka la udongo, majira ya nukta na tarehe hupoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Udongo unaozunguka kisukuku huchekechwa kwa chekecheke, meno ya panya wa kale yakitafutwa kwa uangalifu uleule wa fuvu, kwa vile meno hayo hueleza hali ya hewa ya zamani vizuri zaidi kuliko mifupa mikubwa. Kisha huja namba. Herufi KNM husimamia makavazi ya taifa, ER husimamia mashariki ya ziwa lilipokuwa bado likiitwa Rudolf, na WT magharibi ya Turkana, hivi kwamba mtafiti aliye Tokyo akisoma KNM-WT 15000 hujua mara moja kuwa anazungumzia kijana wa Nariokotome na kwamba mifupa yake iko Nairobi. Mwanafunzi anayejifunza kuandika namba hiyo kwa kalamu nyembamba juu ya mfupa huwa ameingia katika mazungumzo ya dunia nzima.

Matokeo yake hayakuwa ya darasani tu. Nyayo za binadamu wa miaka milioni 1.5 iliyopita zilizochimbuliwa Ileret, na kutangazwa katika jarida la Science mwaka 2009, zilitokana na kazi iliyofungamana na shule hiyo, na miongoni mwa waandishi wa makala ile walikuwemo Wakenya Mbua, Purity Kiura na Mzalendo Kibunjia. Kiura na Kibunjia walisomea uzamivu Rutgers, na Kibunjia akaja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa makavazi. Emmanuel Ndiema, aliyepitia chuo hichohicho, aliongoza idara ya akiolojia wakati kaburi la mtoto wa miaka 78,000 iliyopita, aliyepewa jina Mtoto, lilipotangazwa mwaka 2021 kutoka pango la Panga ya Saidi, Kilifi.

Idara za viumbe hai zilikuwa na njia yao. Katika miaka ya 1990 idara ya ndege, chini ya Leon Bennun, ilifanya desturi ya kuwachukua vijana waliotoka chuoni na kuwapa kazi halisi ya kuhesabu ndege wa maji, kufunga pete miguuni mwa ndege walionaswa kwa nyavu nyembamba, na kuandika ripoti kwa majina yao wenyewe. Wengine waliingia kupitia matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano asubuhi, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, ambayo hukutania Museum Hill. Idara ya wadudu na habariamu zilipokea wanafunzi wa mafunzo ya nyanjani, utaratibu ambao kwao vyuo vya Kenya huwataka wanafunzi wafanye kazi kwenye taasisi kwa miezi michache kabla ya kuhitimu. Mwaka 1995 kilianzishwa kituo cha maarifa asilia, KENRIK, ambacho kwa mara ya kwanza kiliutambua ujuzi wa mzee wa kijijini kuwa sehemu ya kumbukumbu za taasisi.

Walio wachache ni akina nani

Nchini Marekani, ambako tangu miaka ya 1980 serikali hugharimia mafunzo ya utafiti ya wakati wa likizo kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, makavazi makubwa ya historia asilia yamefanya juhudi za kuwavuta vijana wa jamii ambazo hazikuwa na wanasayansi wengi, kwa hoja kwamba mtu hawezi kuitamani kazi ambayo hajawahi kumwona wa kwao akiifanya. Hoja hiyo ina nguvu Kenya pia, ila ubaguzi wa hapa ulichorwa zaidi kwa umbali na historia. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 260, inazitaja miongoni mwa jamii zilizotengwa zile za wafugaji ambazo kwa kuishi mbali hazikushiriki ipasavyo katika maisha ya taifa, pamoja na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Kifungu cha 56 kinaiagiza serikali iweke mipango ya kuwapa walio wachache nafasi maalumu katika elimu na ajira. Tume ya ugavi wa mapato iliiweka Isiolo miongoni mwa kaunti 14 zilizostahili Hazina ya Usawazishaji.

Kaunti ya Isiolo ilikuwa na watu 268,002 katika sensa ya 2019, wakiishi kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru na Wasamburu ndio wengi. Wasakuye ni wachache, na Waata, waliokuwa wawindaji na ambao ujuzi wao wa miti na wanyama ni wa kina sana, ni wachache zaidi. Mzee wa Kiborana anayeutambua mti wa ubani anaouita dakkara, na kujua ni lini utomvu wake hukusanywa, tayari anafanya nusu ya kazi ya mbotania. Nusu iliyobaki, yaani kubana tawi lenye ua ndani ya magazeti, kulikausha, kuandika mahali, tarehe, jina la kienyeji na jina la mkusanyaji, mjukuu wake aliye chuoni anaweza kujifunza katika juma moja. Ni hapa ambapo taasisi ina deni kubwa zaidi, kwa sababu karatasi nyingi za mimea ya kaskazini zina jina la afisa aliyepita na hazina jina la aliyemwonyesha mti.

Kaskazini yenyewe kama maabara, 2005 hadi sasa

Jengo la Nairobi lilifungwa mwaka 2005 kwa ukarabati uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kufunguliwa tena mwaka 2008, chini ya Mkurugenzi Mkuu Idle Omar Farah, wakati sheria mpya ya makavazi na urithi ya mwaka 2006 ikiwa imeanza kutumika. Mwaka huohuo wa 2008 Makavazi ya Jangwani yalifunguliwa Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, na taasisi ikawa na makao katika nchi ya Waelmolo, mojawapo ya jamii ndogo kabisa za Kenya. Tangu Richard Leakey aondoke, uongozi ulipitia mikononi mwa Mohamed Isahakia, George Abungu, Farah, Kibunjia, na sasa umefikia kwa Mary Gikungu, mtaalamu wa nyuki aliyekulia kitaaluma ndani ya idara za makavazi, jambo ambalo lenyewe ni ushahidi kwamba ngazi ile hupandika.

Mfano mwingine wa ngazi hiyo ni Isaiah Nengo, aliyesoma Chuo Kikuu cha Nairobi, akafanya kazi kwenye makavazi, akaendelea Harvard, na mwaka 2017 akatangaza fuvu la nyani wa kale wa miaka milioni 13 kutoka Napudet, lililoitwa Alesi. Aliyeliona kwanza alikuwa John Ekusi, Mturkana. Nengo alifariki mwaka 2022 akiwa amewafundisha vijana wengi.

Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale ilipokamilika katika muongo uliopita, kisingizio cha umbali kilidhoofika. Upande wa Laikipia, Kituo cha Utafiti cha Mpala, ambacho makavazi ni mshirika wake, kiko karibu na Isiolo kuliko kilivyo karibu na Nairobi. Tangu Januari 2016 sensa kubwa ya punda milia wa Grevy hutumia picha zinazopigwa na wananchi wa kaunti za kaskazini, Isiolo ikiwemo, na milia ya kila mnyama husomwa kama alama za vidole. Asilimia kubwa ya punda hao duniani iko hapa. Mto Ewaso Ng'iro, unaopita kati ya hifadhi za Samburu na Buffalo Springs na kuishia kwenye kinamasi cha Lorian, na mti wa mathenge unaovamia malisho, ni maswali ya utafiti yanayogusa ng'ombe na ngamia wa kila nyumba.

Nyakati muhimu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1909 | Chama cha Historia Asilia cha Afrika Mashariki na Uganda chaundwa |
| 1910 | Makavazi yaanza Nairobi |
| 1930 | Jengo la Coryndon lafunguliwa Museum Hill |
| 1941 | Louis Leakey aanza kusimamia makavazi |
| 1950 | Habariamu yahamia Nairobi kutoka Amani |
| 1956 | Kipozamataza wa Williams aelezwa rasmi |
| 1963 | Uhuru. Taasisi yaacha jina la Coryndon |
| 1968 | Richard Leakey ashika uongozi. Koobi Fora yaanza |
| 1984 | Kamoya Kimeu agundua mifupa ya Nariokotome |
| 1995 | KENRIK yaanzishwa |
| 2006 | Sheria ya makavazi na urithi yapitishwa |
| 2008 | Nairobi yafunguliwa upya. Makavazi ya Jangwani yaanza Loiyangalani |
| 2009 | Nyayo za Ileret zatangazwa |
| 2017 | Fuvu la Alesi latangazwa |

Kuelekea 2030

Tarehe 22 Septemba 2030 jengo la Museum Hill litatimiza miaka 100. Sherehe hiyo itafaa kupimwa kwa idadi ya wanafunzi wa kaskazini waliofanya mafunzo yao ya nyanjani ndani ya idara za utafiti. Kinachowazuia sasa ni kitu kidogo kinachoweza kuondolewa, yaani kodi ya chumba, nauli na chakula cha miezi mitatu Nairobi, gharama ambazo mwanafunzi mwenye ndugu mjini hazihisi na ambazo mwanafunzi wa Merti au Garba Tulla hana pa kuzitoa. Serikali ya Kaunti ya Isiolo, ambayo hutoa basari za karo, inaombwa itenge sehemu ya basari hizo kwa ajili ya mafunzo haya, na idara za makavazi zinaombwa kuwatengea nafasi kila mwaka. Wanafunzi wa Isiolo walio katika mwaka wa pili au wa tatu wa shahada za biolojia, jiolojia, akiolojia na usimamizi wa wanyamapori nao wasingoje kuitwa: waandike barua zao mapema kwa idara wanayoitaka, wakitaja katika barua hizo viumbe na mahali wanapopajua kwao.